Kuchagua kulipokuwa kuonja

Kila aliyepita shule zetu amekutana na neno la Kiingereza "choose". Liko juu ya karatasi ya mtihani, kwenye kile kipengele cha kwanza ambacho hata asiyefungua daftari mwaka mzima huokota alama mbili tatu kwa kubahatisha: chagua jibu sahihi kati ya A, B, C na D. Tumelizoea hivyo, neno kavu la kuamrisha, la kalamu na herufi. Kumbe lilianza maisha yake mdomoni. Maana yake ya zamani kuliko zote ambazo wanaisimu wamefanikiwa kuzifikia si kuteua wala kupendekeza. Ni kuonja.

Nililifuatilia kwa sababu ya kazi. Mimi hutafsiri, na siku hizi sehemu kubwa ya riziki ya mtafsiri wa Kiswahili ni menyu za programu za simu. Menyu za Kiingereza hazichoki kumwomba mtu achague: "choose" lugha yako, "select" nchi yako, "pick" rangi uipendayo, na pembeni kuna kitufe cha "options". Mimi huandika chagua, chagua, chagua, kisha machaguo. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ni haki anilipe mara nne kwa neno moja. Wapo wenzangu wanaokwepa swali hilo kwa kuweka "teua" penye "select", lakini mimi mkono unakataa. Kwetu Tanzania anayeteua ni Rais, na anayeteuliwa huapishwa. Ukimwandikia mtu "teua rangi ya maandishi" unamfanya ajione yuko Ikulu.

Basi nikataka kujua hayo maneno manne yametoka wapi, na kwa nini Mwingereza anayahitaji yote. "Pick" lilinichosha mapema. "Choose" ndilo lililonishika.

Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani wa Ufaransa kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilisema "ceosan", na hiyo c ilitamkwa kama ch yetu. Wajerumani walikuwa na "kiesen", ambalo leo limebaki kwa washairi na watu wa vitabu vya zamani; Waholanzi wanasema "kiezen" hadi leo, hata siku ya uchaguzi mkuu. Hapo hakuna ajabu, lugha hizo tatu ni ndugu wa toka nitoke. Ajabu inaanza ukitazama upande wa Kilatini. Huko hukuti kitenzi cha kuchagua kinachofanana na hivyo, ila unakuta "gustus", yaani ladha, na "gustare", kuonja. Na mwanaisimu atakuambia bila kupepesa macho kwamba "choose" na "gustus" ni wa tumbo moja.

G na ch, wapi na wapi? Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa sana. Mtu wa Unguja ana macho, wa Mombasa ana mato. Wa Unguja akicheka, wa Mombasa anateka. Hakuna aliyekosea, na wala si bahati nasibu: penye ch ya huku mara nyingi pana t ya kule, na ukishaujua mwenendo huo unaweza kubashiri neno kabla hujalisikia. Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya hadithi na nduguye Wilhelm, alionyesha mwaka 1822 kwamba Kilatini na lugha za Kijerumani, ukoo ambao Kiingereza na Kiholanzi nazo zimo, zina mwenendo wa aina hiyo. Penye g ya Kilatini, upande wa pili pana k. Goti kwa Kilatini ni "genu", kwa Kijerumani ni "Knie", kwa Kiingereza "knee", ambalo k yake inaandikwa ingawa haitamkwi tena. Punje ni "granum" huko, na "corn" huku. Baadaye Kiingereza kikailainisha k ya zamani mbele ya irabu kama e na i, ikawa ch: jibini la Mjerumani ni "Käse" na la Mwingereza ni "cheese", kidevu cha Mjerumani ni "Kinn" na cha Mwingereza ni "chin". Kwa hiyo g ikawa k, na k ikawa ch. Ndiyo njia nzima kutoka ladha ya Kilatini hadi uamuzi wa Kiingereza.

Waliokuwa wakizungumza lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ile iliyozaa Kilatini, Kiingereza na nyingine nyingi kutoka Ulaya hadi Bara Hindi, hawakuacha maandishi. Wataalamu wengi huwaweka kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Mzizi wenyewe huandikwa "geus", na huwekewa nyota mbele yake kuonyesha kwamba umekisiwa kutokana na watoto wake, haujaonekana kwenye jiwe wala ngozi. Watoto wametapakaa. Mgiriki anayeonja anasema "geuomai". Mjerumani, mbali na lile neno lake la kishairi la kuchagua, ana "kosten", kuonja. Kisanskriti kina mzizi "jush", kupendezwa na kitu, kukifurahia. Kutoka "gustus" Kiingereza kiliazima pia "disgust", kinyaa, kwa hiyo kuchagua chakula na kukitema ni mambo ya ukoo mmoja.

Lakini binamu ninayempenda kuliko wote yuko Uajemi. Waajemi wa kale walimwita rafiki "daushta", neno la mzizi huo huo: ni mtu anayependezwa nawe, anayekuonea raha. Likaja kuwa "dost", likavuka kwenda Bara Hindi, likaingia Kihindi na Kiurdu. Nani kati yetu aliyekulia kwenye mikanda ya filamu za Kihindi asiyemjua dost? Yule rafiki wa kufa na kuzikana, ambaye ikifika saa ya mwisho ya picha unajua kabisa risasi ya shujaa ataipokea yeye. Jina analoitwa wakati anakata roho ni ndugu wa "choose" ya karatasi ya mtihani.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kale mno, ladha imeshatoka kwenye neno, tusilazimishe. Sawa. Lakini nenda soko la nafaka la Tandale, Dar es Salaam, ukamtazame anayenunua mchele wa biashara, siyo yule wa kilo moja ya chakula cha jioni. Hatazami bango lenye bei. Anatia mkono ndani ya gunia hadi karibu na kiwiko, anachota kutoka chini ambako muuzaji hakupanga, anamwaga kiganjani na kupuliza pumba. Ananusa. Kisha anatupia punje tatu nne mdomoni na kuzing'ata kwa meno ya mbele. Ikilia ka! ni kavu, ikibonyea, ina unyevu na itamwozea stoo. Anaendelea kutafuna taratibu huku anaangalia juu, maana mchele mpya na mchele wa zamani hautofautiani machoni kama unavyotofautiana sufuriani. Ule mpya hushikana. Halafu ndipo anauliza kama kweli ni wa Kyela. Muda wote huo hajasema amechagua, na muuzaji naye hajamwuliza, kwa kuwa wote wawili wanajua kinachoendelea mdomoni ndicho kuchagua kwenyewe. Sioni kwamba watu wa nyika za Bahari Nyeusi walihitaji kuruka mbali kutoka maana ya kwanza kufika ya pili.

Turudi kwenye neno, maana lina kituko kingine. Wanafunzi bado hulikariri kwa kuimba, "choose, chose, chosen", na kulilaumu kwa kutofuata kanuni. Laiti wangeliona zamani. Katika Kiingereza cha kale aliyechagua peke yake ni "ceas", waliochagua wengi ni "curon", na aliyechaguliwa ni "coren". S imegeuka r katikati ya njia! Jambo hilo liliwasumbua wanaisimu hadi miaka ya 1870, alipotokea Mdenmark Karl Verner akaonyesha kwamba ugeukaji huo ulitegemea mkazo wa sauti uliangukia wapi katika lugha ya mababu, maelfu ya miaka kabla. Mkazo wenyewe ulishahama, lakini alama yake ilibaki. Ni moja ya kazi nzuri za upelelezi ambazo sayansi ya lugha imewahi kufanya, na mtu aliyeifanya hakuwa hata na cheo kikubwa chuoni.

Kiingereza kikaja kuchoka na r hiyo na kuitupa, ndiyo maana leo ni "chosen". Hakikuitupa yote. Ipo kwenye "was" na "were". Ipo kwenye "forlorn", mpweke aliyeachwa, ambalo ni la ukoo wa "lose", kupoteza. Wajerumani ndio waliong'ang'ana nayo. Wale wakuu waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme wa Dola Takatifu la Kiroma waliitwa "Kurfürsten", na "Kur" hiyo ndiyo "coren" ya Waingereza. Hati ya Dhahabu ya Kaisari Karl wa Nne, ya mwaka 1356, iliwataja saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Pfalz, Saxony na Brandenburg. Wapiga kura saba kwa dola zima. Hannover iliongezwa karne kadhaa baadaye, na mkuu wake Georg ndiye aliyekwenda kukalia kiti cha ufalme cha Uingereza mwaka 1714. Waingereza walikuwa wameshaisahau ile r yao, wakaletewa mfalme aliyeibeba kwenye cheo.

Watu wa kaskazini, wale wa mashua ndefu, nao walikuwa nayo. Valkyrie, wanawali wanaomtumikia Odin, mungu wao wa vita, na kupita juu ya uwanja wa mapigano, jina lao maana yake ni wachaguaji wa waliouawa: "val", maiti za vitani, na "kyrja", mwenye kuchagua. Filamu zimewafanya warembo wenye mabawa kwenye kofia. Kazi yao hasa ilikuwa kuamua nani afe na nani kati ya wafu apelekwe kwenye ukumbi wa Odin. Ukikumbuka kwamba mzizi ni kuonja, hadithi inapata baridi yake.

Na "choice" je? Ungetegemea kwamba nomino imezaliwa na kitenzi chake, nyumba ile ile. Hapana. Lugha za Kijerumani ziliwaazima Wafaransa neno hilo mapema, likawa "choisir", na kwa muda Wafaransa wa kale walilitumia hata kwa kuona kitu kwa mbali, kukitambua kwa jicho. Kisha Wanormani wakalibeba kuvuka bahari, na Waingereza wakalipokea "choice" kama neno la Kifaransa lenye heshima, hali ni damu yao iliyokwenda kusoma ng'ambo. Mpaka leo "choose" lina harufu ya nyumbani na "choice" lina harufu kidogo ya dukani. Nyama iliyoandikwa "choice" ni ya bei.

Kuhusu "select" na "elect" nitasema machache, ingawa yanastahili makala yao. Mama yao ni "legere" ya Kilatini, kuokota, kukusanya kwa mkono, kama anayeokota matunda chini ya mti. Mkono huo huo ulipopita juu ya herufi ukawa ni kusoma. Mjerumani naye ana "lesen", kusoma, na mavuno ya zabibu anayaita "Weinlese". Kutoka "legere" Kiingereza kimepata "elegant", aliyejua kuokota kilicho kizuri, na "neglect", kutookota, kuacha kitu kilale chini, na "intelligent", anayeokota kati ya hiki na kile. Hili la mwisho sisi tunalo, tena kwa kitenzi bora zaidi. Bibi aliyekaa na ungo anachambua maharage, anatoa mawe na yaliyotobolewa; zamani watu walichambua pamba; leo redioni kuna wachambuzi wa soka wanaotoa mawe kwenye mechi ya jana. Tuliupata uchambuzi bila kupitia Roma.

Wagiriki walikuwa na lao, na liliwatokea puani. Kushika kitu au kukitwaa ni "haireo"; kujitwalia kilicho chako, yaani kuchagua, ni "haireomai"; na chaguo ni "hairesis". Lilikuwa neno la amani. Mtu alichagua shule ya falsafa, basi hiyo ni hairesis yake. Katika Matendo ya Mitume linatumika kwa Masadukayo na Mafarisayo, na Biblia ya Kiswahili inalitafsiri vizuri tu kuwa madhehebu. Lakini kufikia mwaka 180 hivi, Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika vitabu vitano kuwapinga watu wa hairesis, na neno likawa limeshachafuka: aliyejichagulia imani badala ya kupokea ile aliyopewa. Kiingereza kikaipata kama "heresy". Sisi tunasema uzushi, kutoka kuzua, na kwa hilo naona Kiswahili kimekuwa kikali kupita Kigiriki. Mgiriki alimshtaki mtu kwa kuchagua. Sisi tunamshtaki kwa kutunga.

Kwenye pwani yetu kuchagua kumekuja pia na Kiarabu, na humo hakuna ulimi wala kuokota. Hiari ni ya mzizi mmoja na heri: kuchagua ni kuchukua kilicho cha heri. Ndiyo maana mtu aliye njia panda, ana wachumba wawili au kazi mbili, huambiwa aswali istikhara, na humo pia mna heri hiyo hiyo. Anamwomba Mungu amchagulie. Jina Mustafa, aliyechaguliwa, linatoka kwenye mzizi uliotupa safi, kana kwamba wamechujwa watu wote akabaki yeye asiye na taka. Na kura, ambayo leo tunaiwekea daftari la kudumu na wino wa kidole, kwa Kiarabu ilikuwa bahati nasibu. Yona, au Yunus, alipigiwa kura merikebuni ili ajulikane wa kutupwa baharini, na hakuna aliyemfanyia kampeni.

Waingereza pia walishaona kwamba neno lao zuri halimfai kila mtu. John Heywood, aliyekusanya methali zao mwaka 1546, aliweka ile isemayo ombaomba wasiwe wachaguaji. Methali zetu zinamwonya zaidi mwenye nafasi kuliko maskini. Mchagua nazi hupata koroma, tunasema, na aliyewahi kuwa mbele ya rundo la nazi anajua kwa nini: nazi huionji. Unaitikisa sikioni usikie maji, unaigonga kwa kucha, unaipima uzito kwa kiganja, unairudisha, unachukua nyingine, na muuzaji amenyamaza anakutazama. Ukifika nyumbani ukaivunja, nyama laini isiyotoa tui.

Thomas Hobson wa Cambridge angekuwa muuzaji wa nazi mzuri sana. Alikuwa akisafirisha barua na mizigo kati ya Cambridge na London, na pembeni alikodisha farasi, takriban 40, wengi wa wateja wakiwa wanafunzi wa chuo. Kila mwanafunzi alitaka yule farasi mwenye mbio, na farasi mwenye mbio alikuwa anakufa kwa kuchaguliwa. Hobson akaweka sheria: unachukua aliye karibu na mlango wa banda, au unatembea kwa miguu. Alikufa mwaka 1631, na John Milton, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alimwandikia mashairi mawili ya maombolezo yaliyojaa utani. Kwa Kiingereza, "Hobson's choice" ni chaguo lisilo chaguo. Magazeti mengi hulitumia vibaya, kama vile maana yake ni kubanwa kati ya mabaya mawili. Kwa Hobson hakukuwa na mawili, alikuwapo farasi mmoja tu.

Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa wa zamu. Aliyerudi kutoka safari aliwekwa nyuma kabisa ya banda, na wengine wakasogea. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeondoka amenuna juu ya farasi wa mlangoni alikuwa amepewa yule aliyepumzika kuliko wote.